Foronya ya Pili

Wiki ya gwaride la wapenzi wa jinsia moja, hapa Montreal, kampuni moja ya michezo ya video ilitundika bendera ya upinde wa mvua mlangoni. Siku hiyohiyo Maude Thibodeau, mkaguzi wake, alipewa toleo la mchezo lililotengenezwa kwa ajili ya nchi ambako wanawake wawili waliooana wangeharibu biashara. Kazi yake ni kucheza mpaka mwisho na kuandika kila kasoro. Ndani ya mchezo, kwenye nyumba ya wageni mlimani, alimkuta Odile peke yake, akikoroga supu. Mkewe, Berthe, alikuwa amefutwa.

Berthe alikuwa jikoni kwa wafanyakazi wa kampuni, ghorofa ya tatu, akila supu ya njegere ya mtu. Buti zake zilidondosha theluji, na ulikuwa mwezi wa Agosti, wakati wa joto. Mlinzi alimpa kitambulisho cha mgeni. Mfagiaji akapiga deki.

Maude, ambaye naye ana mke nyumbani, aliona uchungu, akajaza fomu: “Berthe hayumo mchezoni. Yumo jikoni kwetu. Anauliza atarudi lini.”

Bosi wake, Ghislain, hana roho mbaya, na beji ya upinde wa mvua alivaa. Alijibu kwa maneno mawili: “Imekusudiwa hivyo.”

Maude akamfuata. “Mtu analia kwenye bakuli, Ghislain.”

“Namwona kila siku, dada. Soko lile ni robo ya mauzo. Nifanyeje?”

“Na kitanda chao? Kina foronya mbili.”

“Kuchora upya ni gharama. Kiache.”

Toleo likauzwa. Mwezi haukuisha, barua za wachezaji zikamiminika kutoka nchi zile, zote zikiuliza foronya ya pili ni ya nani. Kampuni ilinyamaza. Maude alizibeba mpaka jikoni, pamoja na kalamu.

Berthe alizijibu moja baada ya nyingine: “Ni yangu. Nimetoka kidogo. Mwambieni Odile asizime moto.”

Wachezaji wakamwambia. Odile, ambaye hakuna mtengeneza mchezo aliyemwandikia kufanya hivyo, akaanza kupakua supu bakuli mbili. Maude aliliona hilo, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa hakuripoti.

Bendera ilikuwa imeshushwa tangu mwisho wa Agosti. Kila Jumatatu Maude huandika kasoro ileile, na Ghislain huifunga kwa maneno yaleyale. Berthe bado ni mgeni ghorofa ya tatu. Wakimwambia avue buti apumzike, hukataa. Anasema njia ya kurudi kwa Odile itafunguka tu, na yeye hataki supu ipoe.