Vitundu vya Daktari

Kwa miaka kumi na tisa, mvua iliponyesha maktaba ilivuja, na maktaba ilipovuja aliitwa Daktari. Daktari wa Paa, ndilo jina walilompa, nalo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alipanda na kopo lake la lami, akaziba, akashuka, na mkutubi akamvutia kiti na kumletea chai. Msimu uliofuata, hivyo hivyo. Beseni la bluu lilizeekea pale pale chini ya dirisha la paa, na hakuna aliyejiuliza kwa nini mgonjwa haponi.

Kisha wakubwa wakakumbuka kwamba jengo lile lilichorwa na msanifu mwenye jina, wakatafuta mtu wa kukarabati paa na vioo vyake. Wakampata fundi aliyesomea majengo ya kale. Fundi mwenyewe alikuwa mdogo wake Daktari, binti ambaye Daktari ndiye aliyemfundisha kushika nyundo. Si kwamba hakumpenda. Alimpenda sana. Ila siku alipomwona mkutubi akimvutia binti kiti kile kile, kijiba cha roho kilimkaba, akaiomba mvua ije imuumbue.

Mvua haikuja. Ukaja mpira wa maji.

"Kaka, nisaidie," alisema mdogo mtu. "Mimi nitamwaga maji huko juu, kipande kwa kipande. Wewe simama hapa kwenye beseni. Ukiona tone tu, niite."

Daktari akasimama. Maji yalipiga vioo juu yake. Tone la kwanza likamwangukia utosini, la pili begani.

"Vipi hapo?" sauti ikauliza.

"Bado."

"Na sasa?"

"Bado kabisa. Pakavu."

Akasogea hatua moja ili matone yamwangukie yeye na beseni lisilie. Alijua anachofanya. Uvujaji usipoonekana, binti atafungasha vyombo vyake, na kiti kitarudi kwa mwenyewe.

Mdogo wake akashuka ngazi, akamtazama.

"Kaka, mbona shati limelowa?"

"Jasho."

"Jasho la utosini mpaka kiunoni?"

"Joto la humu ndani wewe hulijui."

Binti hakubishana naye. "Haya, twende juu nikuonyeshe kitu."

Ukingoni mwa fremu ya chuma palikuwa na vitundu kumi na viwili, kila kimoja kiasi cha kupitisha penseli. Maji yanayopenya kandokando ya vioo huingia kwenye mfereji mdogo, binti alieleza, kisha hutokea hapo nje. Ndivyo msanifu alivyochora. Lakini vyote vilikuwa vimezibwa kwa lami, kwa hiyo mfereji ulijaa ukamwagikia ndani. Na kwenye kila donge la lami palikuwa na alama ya kidole gumba, gumba pana lenye kovu katikati.

Daktari akakunja ngumi, akalificha gumba lake ndani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo alivyofunzwa, na ndivyo alivyoishi. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna vitundu vya kuachwa. Miaka yote hiyo alikuwa akitibu ugonjwa aliouleta mwenyewe, na kushukuriwa kwa chai.

"Mmeona panapovuja?" mkutubi aliuliza kutoka chini.

Daktari akasubiri kuumbuliwa. Angekuwa yeye, angesema, tena kwa sauti.

"Tumepaona, mama," mdogo wake akajibu. "Ni lami ya zamani. Jua limeiyeyusha, ikatiririka ikaziba njia za maji. Kaka ndiye aliyegundua."

"Nilijua tu," mkutubi akasema. "Daktari ni Daktari."

Binti akampa kaka yake msumari, kisha yeye mwenyewe akaenda kuzibua upande wa pili bila kumtazama. Daktari akapiga magoti na kuanza kuichimba alama ya gumba lake mwenyewe, uso ukimwaka. Uongo wake yeye ulikuwa umemlowesha shati. Ule wa mdogo wake ulisimama mkavu, hauna hata ufa. Hata kwenye kudanganya, binti kamzidi.