Kuirudisha Bastola

Marehemu aliacha mashati, saa mbovu na bastola. Mashati ndugu zake walishagawana. Bastola mjane aliwakatalia katakata. Shemeji yake mkubwa alikuwa ameitolea macho tangu siku ya mazishi, na ukoo mzima ulishamsikia akilewa na kumwapia mkewe: "Siku ukitoka kwangu, utatoka umebebwa." Watu walicheka, eti maneno ya pombe hayo! Mjane hakucheka. Alikuwa msusi, na kichwa cha yule mke alikijua vizuri; kila akimsuka ilibidi akwepe kovu juu ya sikio.

Basi asubuhi moja alitoa risasi kama mumewe alivyomfundisha, akazifunga kando, akachukua bastola na kibali chake, huyoo, kituo cha polisi. Sheria inataka silaha ya marehemu irudishwe, naye anairudisha. Kuna ugumu gani hapo?

Mkuu wa kituo, aliyefahamiana na marehemu, alimpokea kwa heshima zote. Akaitazama bastola, kisha akatazama mlangoni.

"Umekuja na nani, mama?"

"Peke yangu."

"Aa, hapana. Kitu kama hiki hatupokei kwa mwanamke hivi hivi. Kesho ukoo ukinijia juu, nitawaambia nini? Lazima awepo msimamizi wa familia."

"Afande, nimeibeba mwenyewe kutoka nyumbani. Kuibeba naweza, kuiacha siwezi?"

"Mama una maneno wewe!" Afande akacheka, akachukua simu.

Mjane alipomsikia akimtaja shemeji yake mkubwa, aliinua mkono kumzuia. "Mwite yeyote, lakini siyo huyo, nakuomba. Anampiga mkewe. Ameapa kumuua."

"Mambo ya mume na mke hayo. Tusiyaingilie."

Shemeji alifika ameoga, amechomekea shati la marehemu, mtulivu kama maji ya mtungini. Akasema familia bado haijakaa kikao, afadhali silaha ikae kwake kwa muda. Mkuu akaona hayo ndiyo maneno ya mtu mzima. Bastola, risasi, vyote akakabidhiwa, na mjane akashukuriwa kwa kuwa raia mwema. Raia mwema! Alitamani kumtemea afande mate usoni.

Aliwaacha hapo wakisimuliana habari za marehemu, akatoka mbio, viatu mkononi, mpaka nyumbani kwa shemeji. Mke alikuwa uani anaanua nguo, nyingine bado mbichi.

"Funga vitu vyako, dada, twende. Amepewa bastola ya mume wangu. Sasa hivi!"

Mke alisimama na shuka begani. "Si ulikuwa umeifungia kwako?"

"Nilikuwa nimeifungia."

"Sasa nani kaitoa?"

Mjane alitaka kueleza habari za sheria, na kituo, na ile simu.

"Mimi," akasema.

Mke alilichukua lile shuka, akalirudisha kwenye kamba, akalinyoosha vizuri.

"Nenda kwako, asikukute hapa," alisema. "Nilikuwa natoroka leo, shoga yangu. Nilijua nitakimbia ngumi tu, siyo risasi."