Punda wa Gelle

Njia ya kulizunguka lile ziwa ilikuwa nyepesi, tambarare, imelainishwa na kwato za mifugo ya vizazi na vizazi. Ziwa lenyewe lilikuwa kiwiko cha zamani cha mto Tana, mto ulipohama ukaliacha nyuma. Watu wa Garissa walikuwa wakisema kwamba hata mja mzito angelizunguka baada ya adhuhuri na bado akaiwahi sala ya alasiri nyumbani kwake.

Hayo yalisemwa kabla ya vita. Sasa wafugaji walikuwa wamekusanywa katika kijiji kilichozungushiwa miiba, na aliyeonekana nje bila ruhusa aliitwa shifta, mwasi wa kupigwa risasi.

Saynab alipewa ruhusa ya kuteka maji, yeye na shangazi yake, Eddo Osob. Maji yalikuwa kisingizio. Siku ya Ijumaa kaka yake, Gelle, alitoka kumtafuta punda wake aliyekata kamba, na hakurudi. Mkewe, Maryan, hali wala hanywi. Hakujua kama avae nguo nyeupe za eda au amwekee mume chakula.

"Niletee jibu moja," Maryan alimwambia wifi yake. "Lolote lile. Hili la katikati ndilo litakaloniua."

Basi wakatembea, maji yakiwa mkono wa kulia. Hapakuwa na ng'ombe, hapakuwa na mchungaji anayepiga mbinja. Mifupa ya ngamia waliopigwa risasi ilikuwa imelala kando ya matete, myeupe, kila mmoja mahali alipoangukia. Hata hivyo Saynab alisikia kengele za mbao zikigonga polepole, kama zinavyogonga ngamia wanaposhuka kunywa. Alimtazama shangazi yake. Eddo Osob alikuwa amekaza macho njiani, na midomo yake ikienda.

Baadaye Saynab akaona kitu kingine.

"Eddo, ng'ambo kuna mtu."

"Mwanamume?"

"Ndiyo. Tukienda anakwenda. Tukisimama anasimama."

"Basi ana adabu kuliko marehemu mume wangu. Yule miaka yote alinitangulia." Kisha bibi yule akaushika mkono wa Saynab, na vidole vyake vilikuwa baridi katika jua lile. "Usimtazame tena. Soma."

Saynab akasoma aya alizozijua. Alipoinua macho, ng'ambo kulikuwa na mikoma tu, na vivuli vyake majini.

Mbele yao punda akalia. Wote wawili wakasema audhubillahi kwa pamoja, maana tangu utotoni walifunzwa kwamba punda halii hivyo ila amemwona shetani. Walipopita matete wakamkuta. Alikuwa punda wa Gelle, na kipande cha kamba bado kilining'inia shingoni. Alisimama kando ya udongo mbichi uliorundikwa chini ya mkoma. Saynab alimvuta, naye akagoma. Eddo Osob akaketi chini palepale.

"Simameni hapo!"

Askari alitoka kwenye matete, bunduki mkononi. Alikuwa kijana wa bara, macho mekundu kama asiyelala. Aliiangalia karatasi ya ruhusa, akairudisha, akauliza wanatafuta nini mbali na mahali pa kutekea.

Saynab alikijua Kiswahili cha sokoni. Kabla ya vita aliuza maziwa maofisini Garissa, na wanunuzi walimcheka kila siku, kwa sababu ulimi wake, kama ndimi za watu wake wengi, uligeuza kila p kuwa b. Alizoea kuchekwa, maziwa yalinunuliwa vilevile.

"Natafuta kaka yangu," akasema. "Alibita hapa Ijumaa."

Askari akasema alikuja mtu mmoja Ijumaa, kweli. Upepo ulikuwa mkali, naye alikuwa mbali, kule kwenye ukingo. Walimpigia kelele wakimwuliza anatafuta nini.

"Alikiri mwenyewe, mama. Kwa kinywa chake. Alisema anatafuta bunduki. Bunduki yake imepotea."

Saynab aliusikia upepo ule masikioni mwake. Akamsikia Gelle, mkono umeinuliwa, akijitahidi kusema lugha ya watu ili aeleweke.

"Hakusema bunduki," akamwambia. "Alisema bunda."

"Bunda ya nini? Ya risasi?"

"Bunda." Akamwekea mnyama mkono shingoni. "Huyu."

Askari akamtazama punda. Akaitazama kamba, akautazama udongo mbichi. Midomo yake ikafunguka na kufungika, kama mtu anayejaribu neno la kwanza katika kitabu cha kusomea.

"Punda," akasema hatimaye.

"Ndiyo," akasema Saynab. "Bunda."

Eddo Osob akainuka, akauliza kama walimlaza akielekea kibla. Askari akasema hakujua kibla ni upande gani. Bibi akamwonyesha kwa kidole, akamwambia kesho alete wenzake na majembe wamfukue, na kwamba wazee wa kijiji watakuja kumwosha na kumsalia, nao wasiguswe. Askari akaitikia kwa kichwa, kama mtoto anayetumwa na mama yake.

Walipogeuka kuondoka aliwaita.

"Mama. Kwa lugha yenu, punda anaitwaje?"

Saynab hakutaka kumpa neno hilo. Eddo Osob ndiye aliyempa, bila kugeuka.

"Dameer."

Wakashika njia ile nyepesi kurudi kwa Maryan, wakiwa na jibu lake. Punda alibaki. Maji ya ziwa yalikuwa yametulia, na maji yaliyotulia hubeba sauti mbali. Nyuma yao walimsikia kijana akijifunza, mara ya kwanza kwa kusita, kisha vizuri zaidi, kisha sawasawa kabisa kama aliyezaliwa nalo: dameer, dameer, dameer.