Farasi Asiyesifiwa

Tangu meno yake ya utoto yaanze kung'oka, Attracta Gilhooly hakuwahi kukosa msafara wa farasi wa kijiji cha Kilcorran, ule wa kesho yake ya Krismasi, siku ya Mtakatifu Stefano. Wenye farasi hupanda wakaenda mpaka ziwani na kurudi. Wasio na farasi hubaki mbele ya ukumbi wa parokia, kwenye meza ndefu, wakipakua supu. Na kila mtu Kilcorran alijua kwamba mwanamke akishaushika upawa wa supu mwaka mmoja, hapati tena wa kumpokea. Mama yake Attracta aliushika akiwa na miaka sitini, na nusura wamzike nao.

Sasa Attracta alikuwa na sitini na sita, na farasi wake alikuwa amekufa mwezi wa Aprili. Hata Novemba haijaisha, Concepta wa parokia akapiga simu, sauti imejaa huruma.

"Attracta mpenzi, nikuandike supu ya kuku au ya mboga?"

"Niandike farasi," akajibu Attracta, akakata simu.

Basi akaanza kuzunguka nchi akitazama farasi wa kuuzwa, pamoja na shemeji yake Fintan Tarpey, mume wa marehemu dada yake. Fintan alijiita mjuzi wa farasi kwa kuwa alikwisha kuangushwa na wengi.

Wa kwanza alitangazwa kuwa mtulivu kama kanisa siku ya Jumatatu. Kweli alikuwa mtulivu: alikuwa amepewa dawa ya usingizi na anakoroma akiwa wima. Dawa ikamwisha farasi wakati Fintan ameinama kumkagua kwato, na kofia yake haijaonekana mpaka leo. Wa pili, kwenye picha, alionekana jitu la kubeba askofu na viti vyake. Walipofika wakakuta mgongo wake unamfikia Attracta kwenye mkanda. Kumbe mpiga picha alikuwa amelala chini kwenye majani. Wa tatu ilisemwa ni kijana. Fintan akamfunua mdomo atazame meno, akaufunga taratibu kwa heshima, kama mtu aliyeingia chumba cha mgonjwa bila kubisha hodi. Wa nne alikuwa mweusi tititi, mweusi wa kung'aa, mpaka mvua iliponyesha. Na anayepaka farasi rangi katika nchi ile inamfaa amwombe Mungu ukame.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," alisema Fintan wakirudi, viatu vyao vyeusi kwa ile rangi.

"Shemeji, hao wote walikuwa wamesimama. Sisi ndio tuliojitembeza."

Wiki moja kabla ya Krismasi wakasikia kwamba Mzee Colman Durkan, kule juu mlimani, anauza farasi wake jike, Biddy, kwa kuwa magoti yake mwenyewe mzee yamemgomea. Mzee huyo hakuwahi kuuza kitu maishani mwake, hata yai. Wakamkuta uani, na Biddy kando yake, wa kijivu, amewakazia macho kama mwenye nyumba.

"Anauma?" Fintan akauliza, kwa mazoea tu.

"Anauma," akasema Mzee Colman.

Fintan akababaika. Swali hilo alikuwa ameliuliza miaka arobaini na hakuwahi kupewa jibu hilo.

"Lakini... bado kijana?"

"Kijana wa wapi? Ana miaka kumi na saba. Na akipanda mlima anajamba."

"Magari je?"

"Magari hana habari nayo. Tatizo lake ni watu. Akikuta watu wanaongea, anasimama kusikiliza, na hang'oki mpaka maneno yaishe. Nilikuwa nikienda naye posta asubuhi, narudi jua limezama. Marehemu mke wangu alidhani nina mwanamke."

Fintan akamvuta Attracta pembeni. "Huyu mzee nyoka! Anayemponda farasi wake mwenyewe hataki kumuuza, kwa hiyo ana dhahabu. Au anaficha balaa kubwa kuliko hayo."

"Chagua moja, shemeji."

"Yote mawili!"

Attracta akapanda. Biddy akazunguka malisho kwa mwendo mpana, laini, kama anayekwenda karamuni na anajua hawataanza bila yeye. Attracta akahisi mgongo wake mwenyewe ukinyooka. Alikuwa amempata.

Lakini kwao huko farasi hanunuliwi kwa kusema hivyo. Muuzaji husifu, mnunuzi huponda. Mnunuzi huondoka amenuna, muuzaji humwita. Huondoka tena, huitwa tena. Ndipo watu hutemea viganja mate na kupigana viganja, biashara imekwisha. Kwa hiyo Attracta akashuka na kukunja uso.

"Mgongo umebonyea kama kitanda cha kamba," akasema. "Na hizo kwato, Mungu atusamehe."

"Kweli kabisa," akasema Mzee Colman.

"Na bei yako ni wizi wa mchana kweupe."

"Basi usimchukue, bibie. Safari njema."

Wakaondoka wamenuna, kama ilivyo desturi.

"Taratibu," Fintan akanong'ona. "Ataita sasa hivi."

Hakuita. Attracta akaangusha glavu, akarudi kuiokota, akaiangusha tena. Wakafika kwenye gari, wakaketi.

"Usiwashe gari, atadhani tunaondoka," Fintan akasema.

Mlango wa nyumba ukafunguka. Attracta akakaa sawa. Mzee Colman akatoka na birika, akamwaga majani ya chai, akaingia ndani, akafunga mlango.

"Bingwa huyu," Fintan akasema kwa husuda. "Sijaona mwenye moyo mgumu namna hii."

"Fintan, huenda ameamini kweli kwamba tunaondoka."

"Haiwezekani. Hakuna mtu wa hivyo."

"Na kama yupo?"

"Ukirudi bila kuitwa, shemeji, Kilcorran nzima itakucheka mpaka Pasaka."

Attracta akatazama mbele. Akauona upawa akilini, na Concepta akimfunga aproni kwa nyuma, mafundo mawili. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akashuka, akarudi peke yake, akabisha hodi na kutamka maneno ambayo mnunuzi wa kaunti ile hajawahi kuyatamka.

"Mzee Colman, nimempenda."

"Sasa mbona ulimtukana?" mzee akauliza kwa mshangao. "Kasikia. Mwombe radhi yeye kwanza."

Attracta akaenda uani, akamwomba radhi farasi. Biddy akamuuma mkono wa koti.

"Si nilikwambia?" akasema Mzee Colman, uso umemchangamka.

Siku ya Stefano Attracta akatokea kijijini kichwa juu. Msafara ukaondoka, na Biddy naye, mpaka mbele ya ukumbi, pale kwenye meza ya supu, ambapo Concepta alikuwa akieleza upasuaji wa dada yake. Biddy akasimama. Akatega masikio.

"Nenda tu, mpenzi, usitujali!" Concepta akasema.

Attracta akapiga visigino, akabembeleza. Fintan akavuta hatamu, wanaume watatu wakasukuma nyuma. Ng'o. Farasi wengine wakapotelea upande wa ziwani.

"Jamani, tunyamazeni aende!" mtu akashauri.

Wakanyamaza. Biddy akainua kwato moja. Ndipo mmoja akauliza kama inasaidia, mwingine akamjibu, wa tatu akakumbuka punda wa babu yake, na kwato ikarudi chini.

Attracta alitaka kukasirika, akakosa wa kumkasirikia. Katika kaunti nzima, huyu ndiye farasi pekee aliyefanana na maelezo yake.

Foleni ya supu ikakua, ikamzunguka Biddy. Masufuria yalikuwa chini ya mguu wa kulia wa Attracta, karibu kabisa. Concepta akamtazama kutoka chini, akamwinulia upawa.

"Kuku au mboga?"

Attracta akavua glavu, akaupokea.

"Yoyote," akasema. "Ila niinulieni mabakuli, maana mimi sishuki."