Daftari Ambalo Wezi Hawakulibeba

Kutoka Njoro hadi Rongai hapakuwa na jicho la kumjua ng'ombe kama la bibi mmoja, Gogo Chepkurui. Angesimama ng'ambo ya barabara, amtazame mtamba mara moja tu, akwambie mama yake alikuwa wa nani, atatoa lita ngapi, na atampiga mkamuaji teke kwa mguu upi. Alikosea mara nne tu, na katika hizo nne ni moja tu ambayo mtamba aligeuka kuwa fahali. Lakini siku hiyo miwani ilikuwa imebaki nyumbani.

Safari hii hakutaka ya tano. Alikuwa ameuza ng'ombe wake wawili wazee ili anunue mmoja wa maana, mwenye damu inayojulikana. Akichagua vibaya hakuna wa pili. Mwaka mzima angekunywa strungi, chai isiyoonja maziwa, na majirani wangemletea maziwa kwenye kikopo kwa huruma. Strungi angevumilia. Huruma ndiyo iliyomtisha.

Ndiyo maana aliandamana na mjukuu wake Jepleting, mwenye biashara ya kupandisha ng'ombe kwa mbegu za fahali wa kuchaguliwa. Jepleting alianza na pikipiki moja na mtungi mmoja wa baridi kali wa kuwekea mbegu. Sasa ana pikipiki saba, na wafanyakazi wake wanafika mpaka Ndabibi. Gogo alijivunia mjukuu huyo kila alipokwenda, ila mbele yake mwenyewe alimwambia tu kwamba amekonda.

Wiki tatu nyuma, wezi walivunja ofisi ya Jepleting wakabeba kompyuta, birika na hata sukari. Gogo alifunga safari kwenda kulia naye, akamkuta anapokea simu za wakulima kana kwamba hakuna lililotokea. Siku ile alielezwa sababu, akaitikia kwa kichwa, wala hakuelewa chochote. Leo, ndani ya pikapu, wakielekea Rongai kumtazama mtamba, akauliza upya.

"Hebu niambie. Maandishi yako yote ya ng'ombe, wezi hawakuyapata vipi?"

"Hayakuwa ndani ya ile kompyuta, Gogo. Yako kwenye wingu. Ni kompyuta kubwa za watu wengine, ziko kwenye majumba yenye walinzi, na kila ninachoandika kinawekwa nakala zaidi ya mahali pamoja. Ile iliyoibwa ilikuwa dirisha tu la kuchungulia. Niliazima simu, nikaweka neno langu la siri, nikaendelea na kazi kabla chai haijachemka."

"Ilichemkia wapi, na birika limeibwa?"

"Gogo!"

Gogo akayatazama mashamba ya ngano yakipita. "Hiyo ni akili ya wazee wetu," akasema. "Baba yangu hakuweka ng'ombe wote boma moja. Watatu walikuwa kwa rafiki yake Londiani, wawili kwa shemeji kule Mau. Waje wezi, uje ugonjwa, hawamalizi. Na aliyekutunzia alikunywa maziwa."

"Basi hayo maziwa ndiyo ninayolipa kila mwezi. Mwezi wa kazi nyingi nalipa zaidi, mwezi mkavu nalipa kidogo. Mitambo sikununua. Nilipoongeza pikipiki, nafasi yangu huko iliongezwa siku hiyo hiyo. Mfanyakazi wangu Levis akiandika huko Rongai, mimi Njoro nasoma kabla hajawasha pikipiki."

"Na kila mtu anapewa sawa?"

"Kuna namna tatu. Wengine wanakodi mashine tupu, wanajipangia kila kitu wenyewe."

"Hao wamekodi malisho. Ng'ombe ni wako, ua ni wako, mchungaji ni wako."

"Wengine wanakodi mahali palipokwisha kuandaliwa, wanajenga programu yao tu juu yake. Ile inayomkumbusha mkulima siku ya ng'ombe wake kuzaa, fundi wangu wa programu, Karanja, alinijengea hivyo."

"Hilo ni zizi lenye maji na lishe. Wewe lete ng'ombe tu."

"Na wengine wanachukua programu iliyo tayari, wanafungua wanatumia. Daftari letu ni la namna hiyo."

"Maziwa kwenye glasi!" Gogo akapiga goti lake. "Hiyo ndiyo yangu. Sasa chuo walikuweka miaka minne kukufundisha mambo ya darasa la tano?"

Alisema hivyo kwa kuwa darasa la tano ndiko yeye alikoishia. Lakini moyoni alikuwa amesimama wima kwa kustaajabu. Msichana huyu, ambaye zamani alimwogopa hata jogoo, ameweka ukoo wa ng'ombe wa bonde zima mahali ambapo moto haufiki, panya hafiki, mwizi hafiki, na kuufungua ni kidole kimoja. Baba wa Gogo mwenyewe, na maboma yake matatu, angevua kofia. Gogo akamwambia ale zaidi, amekonda.

Nyumbani kwa muuzaji, Mzee Kibii, huko Rongai, mtamba alikuwa amefungwa juani, amesuguliwa mpaka anang'aa. Gogo alimwona tu, mkono wake ukaenda wenyewe mfukoni kwenye leso yenye pesa. Mgongo ulionyooka, macho mapole, kiwele kinachoanza kujaa! Jicho lake lote lilisema: huyu.

"Binti wa Jenerali, yule fahali wa mbegu zenu," Mzee Kibii akasema. "Mama yake alipandishwa na watu wako, Jepleting, miaka mitatu iliyopita, mwezi wa tano. Ningekwambia uangalie mwenyewe, lakini tulisikia kompyuta ilibebwa. Poleni sana. Rekodi zote zimeenda!"

Jepleting akafungua mdomo. Gogo akamkanyaga mguu.

"Wacha tu, mzee," Gogo akasema kwa sauti ya msibani. "Tumebaki na neno lako. Nani alikuja kupandisha?"

"Levis. Yule mrefu."

"Kazi ilienda vizuri?"

"Safi kabisa. Nilimshikia ng'ombe mwenyewe, kisha tukanywa chai."

"Chai na maziwa?"

"Kwangu strungi haiingii, mama."

"Mungu akubariki. Jepleting, fungua."

Jepleting akatoa simu, akatafuta jina la mzee na mwezi wa tano. Hata dakika haikuisha. Akasoma kwa sauti: "Nimefika saa tano. Ng'ombe ameshapandwa na fahali wa jirani aliyevunja ua. Mzee amesema nirudi na mbegu yangu. Chai hakuna."

Gogo aliirudisha leso mfukoni taratibu, na mara ya mwisho akamtazama mtamba yule mzuri. Roho ilimuuma. Jicho lake lilikuwa tayari limelipa. Kidole cha mjukuu ndicho kilichomzuia.

"Huyo Levis aliandika habari za nyumba nyingine," Mzee Kibii akasema.

"Ameweka na picha," Jepleting akajibu, akamgeuzia simu.

Picha ilikuwa safi. Fahali mdogo mwekundu amesimama katikati ya maharagwe, suruali ya kijivu imening'inia kwenye pembe moja, na juu ya ua mzee mmoja ameng'ang'ania mti akiwa na shati na soksi.

"Huyo si mimi," akasema Mzee Kibii. "Huyo ni ndugu yangu."

Wakati huo mkewe, Mama Kiprugut, alikuwa amefika na chupa ya chai. Akainama juu ya simu, akaitazama picha kwa utulivu kama anayechagua nyanya sokoni.

"Ndugu yako yupi, na ulizaliwa na dada sita?" akauliza. "Na hiyo suruali si uliniambia iliibwa kwenye kamba?"