Magamba ya Dagaa Mlangoni

Mzee Elikana hakuwa mtu wa kujisifu, ila likija suala la gari lake alikuwa hashikiki. Miaka kumi na minane analo, dogo, la bluu, na bado lina rangi ya Japani. Ukifika kwake Ujiji, kabla hujapewa kiti umeshaambiwa kwamba hakuna fundi wa Kigoma aliyewahi kulipaka puti ya kuziba mabonde wala kulipulizia rangi. Watu walishazoea kuitikia tu.

Mkwewe Wilfred naye alikuwa akiitikia, mpaka mwezi uliopita. Siku hizo aliliazima gari kwenda Ilagala kumzika mwalimu mwenzake, na katika kugeuza akaubamiza mlango wa nyuma kwenye kisiki. Mtu mwenye akili zake angerudi akasema. Wilfred, mwalimu mzima, anayewasimamisha watoto mbele ya darasa mikono nyuma wakisema uongo, akakata kona kwenda Kibirizi kwa Feliksi, fundi rangi ambaye kibanda chake kinapakana na vichanja vya kuanikia dagaa.

"Mwalimu, saa hizi upepo umechachamaa, na akina mama wanageuza dagaa," Feliksi alimwambia. "Lilaze hapa, nitapiga asubuhi."

"Natakiwa kulirudisha leo. Piga tu."

Feliksi akapiga. Upepo ukabeba magamba kutoka vichanjani na kuyamwaga kwenye rangi mbichi. Mlango ukakauka na vipele vyake, na bluu yenyewe ikawa ile ya sketi za shule. Wilfred akalirudisha giza likiingia, akalifunika turubai kwa mkono wake, akaenda kula ugali kwa baba mkwe kama hakuna kitu. Mzee ana mtoto wa jicho. Mbele yake rangi zote zimeshakuwa ukungu.

Macho hayo hayo ndiyo yaliyomfanya aamue kuliuza. Jumamosi asubuhi akaja Martini, mfanyabiashara wa Mwanga, pamoja na wenzake wawili. Wilfred aliitwa kuja kutoa turubai. Alifungua kamba fundo moja moja, bila haraka.

"Gari hili halijawahi kuonja puti," Mzee alikuwa akisema. "Jina langu naliweka rehani. Muulize mkwe wangu. Huyu katoka Iringa, ndugu zangu walimkataa, nikawaambia huyu ndiye mtu msema kweli, nampa binti yangu."

Wote wakamtazama Wilfred. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Hapo ndipo pa kusema. Akatikisa kichwa kukubali, kisha akainama kukunja turubai.

Martini alilizunguka gari. Kwenye mlango wa nyuma akasimama, akatoa mfukoni sumaku aliyoizungushia kitambaa. Aliigusisha mlango wa mbele, ikanasa. Akaigusisha wa nyuma, ikaanguka chini. Akaiokota, akajaribu tena, ikaanguka tena. Mmoja wa wenzake akaguna.

"Mzee, hapa pana puti, si bati," Martini alisema taratibu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa.

Mzee Elikana alisogea akiyapapasa mabati. Vidole vikafika mlango wa nyuma, vikatembea juu, vikarudi, vikasimama kwenye kipele kimoja. Alikikwangua kwa kucha, akakisugua kati ya vidole viwili, akanusa. Wilfred aliona mabega ya mzee yakishuka.

"Nimezeeka," Mzee alisema. "Niliubamiza mwenyewe, nikasahau. Mnisamehe kwa kuwapotezea muda."

"Ungesema tu, Mzee wangu," Martini alijibu. Hakukuwa na ubaya katika sauti yake, ila huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomchoma Wilfred. Wageni wakaaga. Kabla hawajafika mbali mmoja wao alicheka.

Wilfred alipiga magoti kwenye vumbi. "Baba, ni mimi."

"Najua. Nimeanika dagaa miaka thelathini, gamba la dagaa nisilijue? Nani mwingine aliyelichukua gari hili?"

"Nisamehe, baba."

"Nilikusamehe palepale, ndiyo maana nikasema vile. Nisingekuvua nguo mbele ya wageni." Mzee alikuwa bado anausugua mlango, kama anayetaka kuulainisha. "Ila wewe uliniacha nivuliwe. Hukuwa na mdomo?"

Wilfred alitamani apigwe.

"Kwangu huna tena cha kusema. Martini ameondoka na jina langu. Kaniletee."

Wilfred alitoka na ndala zake, vumbi la magotini mwa suruali hata hakulipangusa. Aliwakuta kwenye benchi la kahawa, wamekaa na watu kama wanane, wazazi wa wanafunzi wake wakiwemo. Martini alikuwa ameishika ile sumaku mkononi, mwenzake anasimulia, na benchi zima linacheka.

"Karibu kahawa, Mwalimu," akasema mama mmoja akimpisha.

Hakukaa. Alisimama mbele yao, mikono ikaenda yenyewe nyuma ya mgongo.

"Jamani," alisema. "Mzee Elikana hakusema uongo. Mwongo ni mimi."