Midomo ya Honor Tredwell

Miaka ishirini na miwili, kila Honor Tredwell anapofungua mdomo kwenye filamu zinazoingia Brazili, sauti inayotoka kwa Kireno ni yangu. Mimi, Ivanilde wa Madureira! Hapa Rio kila nyota wa nje ana sauti yake ya kwetu, na watazamaji wakibadilishiwa wananuna. Juzi Evandro, mwongozaji mpya wa studio, akaniambia sauti yangu imezeeka.

“Kwani yeye Honor anarudi utotoni?” nikamuuliza.

“Usinichekeshe, shangazi. Mtasema sentensi moja, wewe na huyu binti mpya, Tainara. Atakayeiweza ndiye atakayebaki na Honor moja kwa moja.”

Sentensi yenyewe fupi. Honor, anayeigiza mke wa mchimba makaa, anamwambia mumewe “I give up”, yaani nimekata tamaa. Uso wake umejaa skrini nzima. Mfasiri alikuwa ameandika “desisto”, neno sahihi kabisa la Kireno.

Tainara akaanza, akalia machozi ya kweli. Binti anajua kazi, simnyimi haki yake. Lakini Honor alipobana midomo mwishoni, sauti ya Tainara ilikuwa bado inatoka, ikaonekana kama anasema mtu mwingine. Akarudia mara nne. Wapi!

Zamu yangu. Bila Honor mimi ni nani? Nikaomba niitazame ile midomo bila sauti. Nikamkumbuka marehemu mama, aliyewapigia watu pasi miaka thelathini. Siku alipochoshwa na baba hakusema “desisto”. Aliweka pasi chini, akasema “acabou”, yamekwisha, akaenda kufunga virago.

Nikasema “acabou” vile vile kama mama, polepole. Midomo ya Honor ikafumbana kwenye “up”, na yangu ikafumbana kwenye “bou”, ikafumbuka pamoja.

Vanderlei, fundi sauti, ambaye hata jengo likiungua hainui kichwa, akainua kichwa.

“Shangazi, sivyo ilivyoandikwa,” Evandro akasema.

“Basi andika upya, mwanangu. Kalamu unayo.”

Akairudisha picha, akatazama. Akairudisha tena. Kisha akalikata neno la mfasiri, akaandika langu juu yake, na pembeni akaandika jina langu.

Nilitoka kifua mbele. Nani mwingine mjini humu ameambiwa akate tamaa, akaikata vizuri hadi wakashindwa kumfukuza?